Giaboksi ya Mzee Hamoud

Injini iliwaka, moshi ukatoka, lakini gia haikuingia. Mzee Hamoud aliisukuma fimbo ya gia kwa mikono miwili mpaka kofia ikamdondoka, na fimbo haikujongea hata kidogo.

Sudi alifika mbio, vifungo vya shati amevikosea. Mkewe Fahima alikuwa amemwambia kwamba trekta la baba yake limegoma, naye hakungoja hata chai.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nani kakuita?"

"Fahima kaniambia. Nimekuja kuifungua giaboksi."

"Hakuna la kufungua. Kijibaridi tu hiki cha kipupwe. Rudi kwako kapumzike, mwanangu, n'tatengeneza mwenyewe."

"Hapana, Baba. Pumzika wewe, nitatengeneza mimi."

Wakavutana hivyo kama watu wanaobembelezana kutangulia mlangoni, mpaka mama mkwe, Bi Zuleikha, akatokeza kichwa jikoni.

"Kwani hamwezi kumwita fundi kutoka Kilindoni?"

"Hapana!" walijibu wote wawili kwa pamoja. Tangu Sudi aoe katika nyumba ile, hawakuwahi kuafikiana upesi namna hiyo.

Sudi alikuwa na sababu yake, na ilimchoma. Wiki iliyopita aliliazima trekta alime shamba lake la mihogo hapo Baleni. Gia zikaanza kulia. Akapima, akakuta oili imepungua. Kumwendea mkwe aliyemwazima bure na kumwambia, "Na oili pia nipe," alishindwa. Kijana aliyeoa kwa wenye minazi yao ana kiburi chake. Basi akanyemelea jikoni kwa mama mkwe, akajaza chupa moja ya mafuta ya nazi kutoka kwenye dumu, akayatia kwenye giaboksi. Gia zikanyamaza. Akajiona mjanja kupita wote. Mtoto yeyote wa kisiwani anajua kwamba mafuta ya nazi huganda asubuhi za baridi, lakini ujanja wa Sudi ulikuwa wa mchana tu.

Hata hivyo aibu ya trekta ilikuwa ndogo. Aibu kubwa ilikuwa imekaa barazani, imepakata fundo la nguo. Huyo alikuwa Bi Mwanahalima, mjane wa Ndagoni, aliyesaidia katika jiko lile tangu Fahima anatambaa. Mafuta yalikuwa yakipungua kwenye dumu, na Bi Zuleikha alikwisha kuamua nani anayapunguza.

"N'shamwambia arudi kwao," alisema Bi Zuleikha, hasira zimempanda. "Ally anakuja kumchukua na bodaboda. Mafuta nayapika kwa mikono yangu mwenyewe, halafu yanakwenda wapi? Paka ndiye anayeyanywa?"

"Wallahi sikugusa," alisema Bi Mwanahalima, macho chini.

"Mambo ya jikoni mie simo," alisema Mzee Hamoud, akainama kuchungulia chini ya trekta.

Sudi alitamani ardhi ipasuke immeze. Akachukua spana. Alipanga afungue, achote ushahidi, autupe migombani, afunge, na maisha yaendelee. Lakini kila boliti aliyoilegeza ilimrudisha barazani. Yule mama ndiye aliyepika pilau la harusi yake. Ndiye aliyemsemea hata kwa Mzee Hamoud, mtu ambaye Baleni nzima humwekea amana zao, aliposita kumtoa binti yake kwa kijana asiyemjua vizuri. Leo anafukuzwa kwa jina la mwizi, na mwizi ameshika spana.

Pikipiki ikasikika ikikata kona.

Sudi aliweka spana chini.

"Baba, mafuta niliiba mimi. Nimeyatia humu."

Mzee Hamoud aliinuka kutoka chini ya trekta. "Kiasi gani?"

"Chupa moja tu. Nisamehe, Baba. Nakwenda kumwambia Mama sasa hivi, kabla Bi Mwanahalima hajaondoka."

"Basi yamekwisha, mwanangu. Nenda kamwambie. Hapo usifungue tena, utajichafua bure. Jua likipanda yatayeyuka yenyewe."

Upole huo ulimuumiza Sudi kuliko kofi. Machozi yakamlengalenga. Mtu mwema kiasi hiki, naye amemwibia nyumbani kwake! Hakuweza kumwachia mzee uchafu wa mkono wake.

"Ally, ngoja kidogo, usimpakie!" alipiga kelele kuelekea barazani. Kisha akamgeukia mkwewe. "Nisafishe kwanza nilichokiharibu, Baba. Mara moja tu."

"Nimekwambia acha."

Lakini Sudi alikwisha kuunyanyua mfuniko. Alitarajia kukuta oili nyeusi yenye madoa meupe hapa na pale. Alikuta weupe mtupu, hata meno ya gia hayaonekani. Akachukua kopo na ndoo, akachota. Akachota tena. Mikono ikamteleza, harufu ya jikoni kwa mama mkwe ikamjaa puani, na bado akachota. Ndoo ikajaa, na chini kulikuwa kungali kweupe, kwingine kumeshaingia kijivu kwa kukaa sana.

Sudi aliinua uso. Mzee Hamoud alikuwa anafuta spana isiyokuwa na uchafu.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, akitupia jicho barazani, "maadamu chupa umeshaikiri, kamwambie mama yako na haya mengine ni wewe."