Kuku Wanne wa Mfalme

Mfalme alirudi kutoka vitani na dhahabu, farasi na mateka, lakini watu walisukumana kutazama tenga moja tu lenye ndege wanne wa kahawia. Senbi, askari wake, ndiye aliyelibeba kwa miguu siku arobaini kutoka mji wa adui.

"Wanataga kila siku?" mfalme aliuliza. Katika nchi ile ya mto mkuu hakuna aliyewahi kuona kuku.

"Kila siku, Bwana wangu."

Mfalme akaliokota yai la asubuhi ile. Mikono iliyozoea mkuki ikalishika kwa woga, naye akacheka kama mtoto. "Aliyewafuga yuko wapi? Nitampa nyumba kando ya mto, awatunze."

Senbi akainamisha kichwa. Alimkumbuka mwanamke aliyeling'ang'ania tenga mlangoni pake, akilia, "Nichukue na mimi, baba. Hawa hawamjui mtu mwingine." Naye Senbi alimsukuma arudi ndani.

"Tulimwacha, Bwana wangu."

"Wapi?"

"Katika mji ule ambao wewe uliamuru tuuchome."

Kicheko kikakatika. Mfalme akalirudisha yai tengani taratibu, akaondoka.

Senbi akachuchumaa, akawamwagia kuku shayiri. Hawakula. Akajaribu kuwapigia mluzi, kama alivyomsikia yule mama akiwaita. Kuku wote wanne wakainua vichwa, wakatazama lango lililokuwa nyuma yake.