Tundu la Pili

Mkasi ulisema kwach, na Chiriku, msichana asiyenyamaza hata akinywa maji, akanyamaza.

Kwenye shela ya harusi, ambamo alikuwa akitoboa miraba na kuijaza maua ya uzi, alikuwa amekata nyuzi nne za mraba usiotakiwa kuguswa. Sasa shela ilikuwa imeachama tundu mahali palipopaswa kubaki pazima. Na shela yenyewe ilikuwa ya marehemu mama yake bibi harusi. Hakuna nyingine.

"We Chiriku, mbona kimya? Umemeza sindano?" aliuliza shangazi yake, fundi mwenye duka, kutoka chumba cha nyuma. "Bibi harusi huyo anakuja kuona ulipofikia."

"Nahesabu nyuzi, shangazi."

Tundu lile angeweza kulijaza ua la uzi, kama alivyokwisha kuyajaza mengine, akizungusha sindano kama buibui. Lakini maua ya shangazi yalikwenda mawili mawili, kushoto na kulia. Ua lisilo na mwenzake lingemchongea papo hapo. Mawili yakilingana, nani angejua si pambo?

Upande wa kulia, mraba uliolingana na ule uliotoboka ulikuwa mzima, hauna kosa lolote.

Viatu vilianza kugonga ngazi. Chiriku akapenyeza ncha ya mkasi chini ya nyuzi zake nne, akabana.