Mkono wa Alexander

"Nimekwambia toa mkono!" Wakesho alifoka kwenye simu. "Naandika, na wewe unanimwagia herufi."

"Dada, naapa sijagusa," Alexander alijibu kutoka Taveta. "Nakuangalia tu."

Wakesho, ofisini Voi, alisonya. Kompyuta kuu ya kampuni yao ya vifurushi iko Nairobi, na wao wawili huingia humo kwa pamoja: anachoandika mmoja, mwingine anakiona papo hapo, na yeyote anaweza kuongeza lake. Sasa ilikuwa wiki ya pili, kila saa nne asubuhi, herufi zinamwagika katikati ya kazi. Jumatano ziliingia Wakesho alipokuwa akiulizwa na kompyuta kama afute orodha ya mizigo ya Taveta. Zikajibu ndiyo.

Mfa maji haachi kutapatapa. Alexander alilaumu mtandao, halafu kibodi. Akaazima kibodi nyingine, na herufi hazikukoma.

"Kuna mwingine humo?" aliuliza Danson, meneja.

"Ni sisi wawili tu," Wakesho alisema. "Na mimi siwezi kujiharibia kazi."

Ijumaa saa tatu, Alexander alipiga simu mara ya mwisho. "Dada, nisemee. Mke wangu Jedidah anajifungua mwezi huu. Nikifukuzwa hapa, narudi Njukini kulima mashamba ya watu."

"Ungesema ukweli mapema."

Wakesho mwenyewe ndiye aliyefunga akaunti ya Alexander. Uongo ndio uliomuuma zaidi, kuliko hata ile orodha. Akashusha pumzi, akaendelea na kazi.

Saa nne, herufi zikamwagika.

Aliganda. Akaita kwenye skrini majina ya walioingia, jambo ambalo wiki zote mbili hakuona haja ya kulifanya. Yalikuwa mawili, yote yake: moja la ofisini, jingine la kompyuta ya nyumbani anayofanyia kazi jioni na kuiacha ikiwaka. Akampigia mama yake.

"Niko hapa kwa meza yako, mwanangu, naipangusa hii kompyuta," mama alisema kwa furaha. "Hili vumbi la Voi litaiua. Tangu nije kukutembelea, nikimaliza chai ya saa nne lazima niipitishie kitambaa kwenye vitufe."

Danson alichungulia mlangoni. "Imepona?"

Wakesho alikata simu. Akabonyeza, na lile jina la nyumbani likatoka.

"Imepona, bosi," alisema. "Alikuwa Alexander."