Choo cha Wakwe wa Nunguni

Kavata alimwaga mtungi wa nne wa maji ndani ya shimo bila kukunja uso, na Kisilu akamtazama mkewe kama mgeni.

Maji hayo yalikuwa yameletwa na punda, nusu siku kwenda na kurudi. Kavata huyu ndiye aliyekuwa akimpimia mumewe kikombe kimoja cha kunawa uso. Leo anaunywesha mchanga.

"Mzee, choo chako kinakunywa kuliko ngamia wangu," akasema Bulle, jirani yao mfuga ngamia, ameegemea mkuyu.

"Cheka tu. Disemba utakuja kuomba kuflashi choo changu," akajibu Kisilu.

Binti yao Yvonne alikuwa amechumbiwa Nunguni, kwa watu wenye choo ndani ya nyumba, na wakwe walikuwa wanakuja kwao Tseikuru mwezi wa Disemba. Kavata alikuwa akichambua pojo tu, akauliza, "Baba Yvonne, mama mkwe tutampeleka kichakani?" Kisilu hakumaliza chai. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya afya, na Kavata akachagua mahali: hapa chini kwa mkuyu, kwa sababu ya kivuli.

Ben, kijana wa afya, alikuwa amepiga magoti, rula shimoni, macho kwa saa, akipima kasi ya maji kuzama. Maji yalishuka vizuri.

"Udongo umepita," akasema. "Sasa tuone maji ya chini. Chimbeni shimo lingine, mita nne. Likiwa kavu naweka sahihi. Mkikuta maji, hapa hapajengwi tangi la choo."

Kisilu alicheka mpaka akakohoa. "Maji? Kijana, nimechimba visima vitatu kule juu kwa nyumba, vyote vikanipa vumbi. Nilisimama kanisani nikaapa sitashika sururu tena kutafuta maji."

"Na kiapo ni kiapo. Hili ni shimo la choo," akasema Kavata, akimpa sururu.

Alichimba siku tatu akiimba sauti ya nne ya kwaya, ile nzito, na alipochoka kuimba alilihubiria shimo habari za kuflashi. Kavata alivuta udongo kwa karai. Kila karai likifika juu, alifinya udongo kidogo mkononi.

"Unatafuta nini humo?"

"Naangalia kama choo kitakaa. Chimba, baba."

Bulle alipita kila asubuhi, na hakumsalimu mwenye shimo kwanza. "Mmefika wapi, mama?" ndilo lilikuwa swali lake.

Siku ya tatu Ben alirudi na futi yake ya kupimia. Wakati huohuo sururu ilishuka ikatoa sauti ya mguu kwenye matope, na Kisilu akasikia vidole vya miguu vinapoa. Akainama. Maji yalikuwa yanamzunguka nyayo, safi, bila haraka yoyote.

"Hapana," akayaambia. "Rudini."

Akavua kofia, akayachota, akayatupa juu. Yakaja mengine. Akachota tena. Sasa yalifika kwa vifundo.

Ben alichungulia, akateremsha futi, akaandika neno moja: Hapafai.

"Pole sana, mzee. Maji yako karibu mno. Twende tukapime kule kwa visima vyako vikavu, pale choo kinaweza kukubali."

Kisilu alipanda, akaketi kwenye kifusi, kofia ikimdondoshea maji magotini. Kavata alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yakimtetemeka.

"Usilie, mama Yvonne. Wakwe watapata choo, hata kama ni kule juu."

Kavata alishusha leso, akicheka. Aliinuka, akakimbia ghalani kama msichana, Bulle nyuma yake. Walirudi na gurudumu la kapi, kamba mpya, na ndoo. Juu ya ndoo mtu alikuwa ameandika KISIMA CHA MAMA YVONNE, na rangi ilikuwa imeshaanza kupauka.