Mwaka Ule wa Moto

“Mkaa, ni wewe?”

Muuguzi aliweka beseni la maji ya uvuguvugu chini, akavuta kiti karibu na kitanda. “Nimekuja, Mwalimu. Lete miguu.”

Bibi kizee alitabasamu upande ambao hapakuwa na mtu. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili. Siku hizi aliona mwanga wa dirisha tu, na kivuli cha anayepita mbele yake.

Jina hilo lilianza wiki aliyoletwa katika nyumba ya wazee. Muuguzi alikuwa akimchana nywele, na bibi akamuuliza kama amezaliwa mji huu. Ndiyo, hapahapa. Shule alisoma wapi? Ile ya matofali mekundu. Darasa la nani?

“La kwako, Mwalimu,” muuguzi alisema. “Mwaka ule wa moto.” Akaacha kuchana.

Bibi alimkamata mkono kwa nguvu ambazo hakuna aliyedhani anazo. “Mkaa! Nilijua iko siku utarudi.”

Muuguzi hakukubali, hakukataa. Alimaliza kumchana, akatoka, akasimama kwenye korido na kitana mkononi mpaka mtu akamuuliza kama anaumwa.

Wenzake walicheka.

“Leo kakuita tena lile jina?” aliuliza muuguzi kijana wa zamu ya asubuhi, akikoroga uji jikoni.

“Kaniita.”

“Angethubutu kuniita mimi hivyo, huu uji angejilisha mwenyewe. Kwako wewe nacheka tu. Akili zimeshamruka, maskini.”

“Akili anazo,” muuguzi akasema. “Anazo zote.”

Yeye kicheko hakikumjia. Tangu jina lile lirudi masikioni mwake, usingizi ulikuwa umemhama. Akipika, alisikia harufu ya karatasi zinazoungua. Akifungua pazia, aliona gari la kijivu mbele ya geti la shule, mlango wake wa nyuma ukifungwa, na mama mmoja akilikimbilia pekupeku mpaka kona ya kiwanda cha maziwa. Alikuwa na miaka tisa siku ile. Sasa alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na mama yule alikuwa bado anakimbia.

Ulikuwa mwaka wa kwanza watoto weusi kuruhusiwa katika shule ya weupe. Walikuwa sita. Walikalishwa nyuma kabisa, na kengele ya mwisho ikilia, wenzao walikwenda nyumbani, wao walibaki kufagia. Muhula wa pili haujaisha, stoo ya vitabu ikaungua. Mkaa, mmoja wa wale sita, akapelekwa jela ya watoto, huko ng’ambo ya milima. Wale watano wengine hawakuonekana tena darasani. Mji mzima ukashusha pumzi.

Alhamisi moja asubuhi, daktari alitoka chumbani kwa bibi akitikisa kichwa. Muuguzi akaingia na taulo.

“Keti,” bibi alimwambia. “Leo nakwambia yote. Kesho sina hakika nayo.”

Akaketi.

“Moto ulipoanza, wewe ulikuwa mbele yangu. Ulikuwa unafuta ubao. Nakuona hivi sasa, vumbi la chaki limekujaa kichwani, mara tukasikia kelele nje. Nusu saa nzima ulikuwa na mimi, Mkaa. Hukutoka hata kwenda kunywa maji.”

Muuguzi aliweka taulo chini.

“Na hukusema,” alinong’ona.

“Sikusema. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akaniambia wazazi wameshaamua, kazi yangu ni kutia saini tu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mama yangu mgonjwa, kazi ndiyo hiyo moja. Nikatia. Jina lako lilikuwa pale kwenye karatasi, na hata kulisoma sikulisoma. Mkaa, Mkaa, sote tulikuita Mkaa. Uliitwa nani, mwanangu?”

Muuguzi alilichukua taulo, akalikunja upya.

“Basi, usiniambie. Sistahili.” Bibi alipapasa shuka mpaka akaupata mkono wake. “Niambie neno moja tu. Umenisamehe?”

Kule uani mtu alikuwa akikung’uta mazulia, pu, pu, pu. Kidevu cha bibi kilitetemeka kama cha mtoto anayengoja kiboko. Kulikuwa na maneno mengine kabisa kooni mwa muuguzi, yalikuwa yamekaa hapo miaka hamsini, na hata sasa yalikataa kutoka.

“Nimekusamehe, Mwalimu.”

Bibi alilia bila sauti. Taratibu pumzi zake zikawa nyepesi, mikunjo ya uso ikalegea, akaonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Muuguzi alimfuta machozi, akamvutia shuka mpaka kifuani, akaondoka akinyata.

“Ngoja.”

Akageuka mlangoni, mkono kwenye kitasa.

“Na yule mwenzako? Yule mtoto aliyesimama mbele ya darasa akasema kakuona na kiberiti? Kila siku najiuliza alikiona wapi hicho kiberiti, na wewe ulikuwa na mimi. Lakini nani angembishia binti wa hakimu?” Bibi alimeza mate. “Naye umemsamehe?”

Mazulia yalikuwa yamenyamaza.

“Hajaomba,” akajibu binti wa hakimu.