Ng'ambo ya Vyungu vya Maua

Kijana mgeni alibisha mlango wa kwanza aliouona, akauliza swali ambalo mtaani pale hakuna aliyekuwa amelitamka kwa sauti tangu Machi.

"Shikamoo Bibi. Eti kususia bidhaa za Wamarekani kumesaidia kitu?"

Bibi aliyefungua alilitazama daftari mkononi mwa kijana. "Wewe ni wa gazeti."

"Naitwa Loïc, nimetoka Montreal. Namtafuta mwenyekiti wa kamati."

"Ndiye mimi. Njoo ukaone mwenyewe."

Hawakwenda mbali. Mpaka wa Kanada na Marekani unapita katikati ya barabara ile, na alama yake ni safu ya vyungu vya maua. Bibi alisimama penye chungu cha kwanza, asivuke. Ng'ambo, wapagazi wawili walikuwa wakipakia tanuri la kwanza la mikate kwenye lori. Kibao cha duka kilishateremshwa, kimelazwa kifudifudi.

"Wateja wa duka hilo tulikuwa sisi wa huku," alisema bibi. "Wakubwa wao walipotutoza ushuru na kutuita jimbo lao, tuliapa kanisani, watu mia tatu: cha kwao hakiingii nyumbani, hata cha bure. Huu ni mwezi wa nane tangu tuape. Basi andika, kumesaidia."

Moyo wa Loïc ulichangamka. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha hata machungwa yao, na rafiki zake walimcheka kwamba kelele za chura hazimzuii tembo kunywa maji. Leo angewaonyesha tembo aliyekimbia.

"Hakuna aliyeomba huyu mwenye duka aachwe, asisusiwe?"

"Wengi. Nikawaambia, kila nyumba hapa ina mtu wake ng'ambo. Tukimwacha mmoja, tuwaache wote."

"Alikuwa mtu mbaya?"

"Huamka saa tisa usiku kukanda unga. Yeye mwenyewe hauli mkate wa moto, unamsumbua tumbo tangu mdogo."

Jirani mmoja, Gaétan, alipita akisukuma toroli, akapaza sauti kuelekea dukani. "Haya, sasa uoke ushuru, ule na..." Akamwona bibi. Akavua kofia, akapita kimya.

Loïc akaandika: *Wanamheshimu kama jemadari.*

Mwoka mikate alitoka dukani, akaja hadi upande wake wa vyungu. Mikononi alishika mkate uliofungwa kwa kitambaa, bado ukifuka mvuke.

"Wa mwisho huu," alisema. "Sitaki hela."

"Niliapa."

"Najua. Nisingeweza kuondoka bila kukuuliza."

Mikono ya bibi ilinyanyuka kidogo, kisha ikazama katika mifuko ya koti. "Nenda salama. Vaa vizuri, huko uendako kuna baridi."

Mwoka mikate aliitikia kwa kichwa, akarudi na mkate wake.

"Mjanja huyo," Loïc alinong'ona. "Nusura akupate."

Bibi alikuwa akilitazama lori.

"Gazetini nikuandike kwa jina gani, Bibi?"

"Réjeanne."

Aliinama akaandika. Alipoinua kichwa, wapagazi walikuwa wamekinyanyua kibao na kukiegemeza kwenye lori, maandishi yakiwaelekea: MIKATE YA MAMA YANGU, RÉJEANNE.