Mtu wa Shirati

Askari alimsalimia mume wangu kwa Kijaluo, na Kinyanjui akaitikia vizuri, kama nilivyomfunza. Nyuma yao, River Road nzima, Wakikuyu wenzake walikuwa wakipakiwa kwenye malori ya jeshi kupelekwa kizuizini.

"Huyu ni wa wapi?" askari akaniuliza.

"Shirati, afande. Ng'ambo ya mpaka, Tanganyika."

"Ndiko kwetu." Akamsogelea. "Hebu fungua mdomo, shemeji."

Nilikuwa nimemfunza salamu, majina ya vijiji, hata shamba ambalo mpaka unalikata katikati. Ulimi wangu ukagusa pengo la chini, nilipong'olewa meno sita nikiwa msichana, kama Wajaluo wote wa kwetu.

Meno ya Kinyanjui yalikuwepo yote, meupe, yamepangana kama punje za mahindi mabichi.

"Vipi huyo?" Mzungu akaita kutoka kwenye lori.

Mkojo ukanitiririka miguuni.

"Ni mtu wa kwetu, bwana," askari akajibu. Kisha akaniinamia, akaninong'oneza kwa Kijaluo: "Kesho zamu si yangu. Yang'oeni leo."

Kinyanjui hakuambulia neno. Alikuwa akimtabasamia kwa shukrani, meno yote nje.